Risiti ya Kodi

Alasiri ile, siku za mwanzo za uhuru, nyumbani mtaa wa Kasenga tulikuwa watano: baba, mimi Neema, wadogo zangu Riziki na Bahati, na Fidele, jirani yetu, mwanachama wa chama kilichodai uhuru. Mama alikuwa ameshafariki.

"Bila kodi, barabara itatengenezwa na nani?" baba aliuliza.

Fidele akacheka. "Baba Neema, weye uko mutumwa wa Wazungu! Uhuru umemaliza kodi."

Nilimwamini. Jioni niliwasha moto wa kupikia ndagala, dagaa wa ziwani, kwa risiti ya kodi ya baba, ikanuka wino.

Baadaye askari walipita wakidai risiti. Fidele ndiye aliyewaonyesha mlango wetu. Baba alichukuliwa kwa kukosa risiti, hakurudi. Niliacha shule nilee wadogo.

Juzi, mtaani Kimanga, nilimkuta Fidele, sasa mzee kipofu, akilaani bei ya petroli na kodi. Aliniomba nimvushe barabara. Nilimwacha katikati ya malori, na hiyo haikufika hata robo ya ninachomdai.