Sufuria Kubwa ya Sumaili

Kaka yangu Sumaili alikuwa fundi wa kuyeyusha alminiamu na kumimina sufuria. Kazi hiyo aliachiwa na baba yetu huko Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, ambako watu walioulizwa njia ya kwetu waliambiwa wafuate moshi. Mimi, Djamila, nilipelekwa sekondari. Yeye akabaki na mivukuto. Sijawahi kumsikia akilalamika. Wageni wakija alikuwa ananiita nisome gazeti kwa sauti, naye anawatazama usoni kama mtu anayeonyesha sufuria mpya.

Mwaka 1995 Buyenzi ilipomwagika watu kwa vita, tulitoka sote: Sumaili, mke wake Anifa, binti yao Malaika, na mimi. Tulipofika Mbeya malaria ilimwangusha Malaika hata hakuweza kukaa. Lori tulilopanda halikungoja. Nizigama, jirani yetu wa Buyenzi, alikuwa amepata chumba pale na mke wake, akasema tumwachie mtoto apone, tutamrudia baada ya siku chache. Tulimwachia. Tulipovuka kuingia Malawi tukapelekwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyokuwa gereza zamani, na kutoka hapo kurudi Mbeya kulitaka karatasi ambayo hatukuipata. Sumaili alijaribu bila karatasi. Walimrudisha mpakani, akafika nyumbani miguu imevimba, akakaa na kuangalia ukuta. Anifa alimpashia maji ya miguu tu.

Baada ya hapo ndipo alipochimba tanuru nyuma ya nyumba yetu. Alisiliba shimo kwa udongo wa kichuguu, akashona mivukuto kwa ngozi ya mbuzi, na kitako cha mtungi wa gesi kikawa chungu chake cha kuyeyushia. Watu walimletea sufuria zao zilizotoboka, naye akazivunja na kuwamiminia mpya. Jirani yetu Bucumi, Mrundi na Mkristo wa kusali kila asubuhi, alikuwa anapita na kumtania.

“Muislamu, huu moto wako utatuunguza bote mbele ya ule wa Mungu kufika.”

“Ule wa Mungu hauombi makala,” Sumaili alimjibu. “Huu ukikuudhi, lete makala yako tuumalize haraka.”

Na Bucumi kweli alileta makaa yake, maana hakuwa na ubaya.

Habari za sufuria hizo zilifika Lumbadzi, kwenye barabara kuu, kwa dereva wa lori aitwaye Kachingwe. Huyu alikuwa anapeleka mizigo Mbeya, kwa hiyo alijua Kiswahili cha barabarani. Mke wake alikuwa anapika nsima ya kuuza, ugali wa kule, na sufuria za dukani Old Town, mjini Lilongwe, zilimchosha: ni nyembamba, na nsima ya watu wengi husongwa kwa nguvu za mikono miwili, hivyo zinabonyea na kupasuka. Kachingwe alizigonga sufuria za kaka yangu kwa kidole, akazisikiliza. Wakapatana hivi: Sumaili amtengenezee mke wake sufuria tatu nene, ya tatu iwe kubwa kama ya karamu. Zikiwa tayari, Kachingwe atampakia Malaika mbele pamoja naye na kumsemea mpakani kama mwanawe.

Siku zile tulianza kulitaja jina la Malaika tena wakati wa kula. Lakini Ramadhani ilikuwa inaingia, na msafiri mmoja alituletea neno la Nizigama: Idi ikipita yeye na mkewe wanahamia Kigoma, na kutoka Kigoma hajui wataelekea wapi. Mtoto angekwenda nao, nasi tusingejua tena pa kumtafuta.

Hapa lazima nieleze desturi ya kwetu, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha kwenye msiba. Baba alikuwa anafunga tanuru mwezi mzima wa Ramadhani. Alisema moto humkausha aliyefunga, na Mungu hakuagiza mtu ajiue. Nje ya Ramadhani fundi wa kwetu alikuwa anafanya kazi na kipande cha ndimu shavuni, kwa ajili ya moshi. Ndimu hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Baba alifundisha kwamba kuna chuma kinachovaa nguo za alminiamu: ni cheupe na chepesi vilevile, ila kikiyeyushwa kinawaka chenyewe, na maji hukilipua. Shuleni nilikuja kujua kinaitwa magnesi. Basi kila kipande kigeni Sumaili alikikwaruza kwa tupa, akakitemea mate ya ndimu. Kikitoa povu, alikitupa pembeni. Alifanya hivyo huku anazungumza mambo mengine, kama mtu anayefukuza inzi. Lakini hakuna aliyewahi kumwona baba akipima chuma ndani ya mfungo, kwa sababu ndani ya mfungo hapakuwa na kazi.

Mwaka ule Sumaili hakufunga tanuru. Nilimwita kama tunavyomwita kaka mkubwa: “Yaya, baba hakufanya hivi.”

“Baba hakuacha mutoto Mbeya,” akasema.

Sufuria mbili za kwanza zilitoka vizuri. Kwa ile kubwa chuma hakikutosha. Alikwenda Lilongwe, akazunguka nyuma ya magereji ya Old Town akiwa amefunga, hadi fundi mmoja alipokubali Sumaili amsaidie kutwa nzima kusafisha injini. Jioni alipewa gunia la vyuma vyeupe vilivyovunjika. Kumbe vingine vilitoka kwenye injini ya gari dogo, lile lenye mgongo wa kobe, ambayo ina magnesi ndani yake. Yule fundi aliona ni takataka nyepesi tu, na ninaamini alimpa kwa moyo mwema.

Kesho yake alasiri alitengeneza kalibu ya mchanga ya kumiminia, kubwa hata Anifa akamuuliza kama anataka kumpika Kachingwe mwenyewe. Sumaili alicheka. Nilikuwa navukuta. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, na shavuni hapakuwa na kitu. Alivunja vyuma vya gunia kwa nyundo na kuvitumbukiza chunguni kimoja kimoja, anasema Bismillahi.

Kisha chungu kikatoa mwanga ambao sijui kuuandika. Ulikuwa mweupe, na macho hayakuweza kuutazama. Sumaili alielewa papo hapo. Alinisukuma nikaanguka mbali, akaanza kusomba mchanga wa kalibu kwa mikono ili aufunike moto. Lakini nyumba zetu zimeezekwa kwa nyasi na zimebanana, na mtu yeyote wa Dzaleka akiona moto anakimbilia ndoo. Bucumi nyumba yake ya Bujumbura iliungua akiiona. Alikuja mbio na maji.

“Hapana mayi!” Sumaili alipiga kelele. “Muchanga, Bucumi, muchanga!”

Maji yalikwisha kutoka kwenye ndoo. Mlipuko ulirusha chuma chote juu, na kaka yangu alikuwa ameinama hapo hapo.

Walimpeleka Lilongwe kwa gari la kambi. Pale hospitali manesi walimhudumia kwa huruma kadiri walivyoweza. Nilikaa naye mimi, kwa sababu Anifa kila alipoingia alirudi nje. Aliuliza kama nyasi ziliungua. Nikamwambia hapana, aliyeumia ni yeye peke yake. Akamhimidi Mungu. Akauliza Idi imebaki siku ngapi. Halafu akanivuta kwa macho, nikainamisha sikio.

“Batu batasema ni Bucumi,” alisema. “Ambia bote: ni mi, sikutema ndimu. Kinywa kilikuwa kikavu, nikasahau.”

Alifariki Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeomba sana nielewe kwa nini mtu afe kwa sababu ya kuitii funga yake. Sijaelewa bado. Naendelea kuomba.

Bucumi alichimba kaburi pamoja na Waislamu, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno, kwa sababu nilikuwa nimewaambia maneno ya Sumaili. Anifa aliingia eda, hatoki nje. Kachingwe alipokuja kuchukua sufuria zake alikuta mikeka ya msiba. Nilimwonyesha zile mbili, nikamweleza kwamba ya tatu haipo wala haitakuwepo. Alivua kofia akakaa mkekani. Kisha akazibeba zote mbili na kushukuru kwa Kichewa, “Zikomo, mama. Jumatatu naenda Mbeya.” Tulibaki hatujui amemaanisha nini.

Idi ilipita bila nguo mpya wala chakula cha maana. Siku chache baadaye mtu alikuja kuniita Lumbadzi.

Malaika alikuwa amekaa kwenye benchi la mke wa Kachingwe, amekonda, nywele zimenyolewa, kifurushi magotini. Alinitambua. Alinisalimu kwa adabu, “Shikamoo, shangazi,” kisha akatazama nyuma yangu. Nikamwambia tuinuke, mama yake anamngoja. Hakuinuka. Wasafiri walikuwa wamempa Nizigama habari, naye alimweleza mtoto yote kuhusu sufuria tatu za kulipia safari yake, ili asilie usiku.

“Zimeisha zote tatu?” akauliza.

“Ile kubwa haikuisha.”

Mke wa Kachingwe aliacha kusonga nsima. Akamwambia kwa Kichewa kilichochanganyika na Kiswahili kwamba aende kwao, hakuna mtu anayemdai kitu. Malaika alitikisa kichwa na kukumbatia kifurushi chake.

“Nitakaa hapa mpaka baba aimalize,” alisema. “Akiileta, tutaenda naye.”

Nilikaa kwenye benchi karibu naye, nikamshika mkono. Nilisema Bismillahi, na nikaanza kumwambia.