Umeme Usio na Ngurumo

Mama yangu ana macho makubwa na mazuri, lakini ukizitazama picha zake huwezi kujua. Kwenye harusi ya dada yangu amefumba. Kwenye kipaimara changu amefumba. Ile ya kitambulisho walihangaika naye mpaka wakakubaliana na moja ambayo jicho la kushoto limefunguka nusu, kama mtu anayechungulia kuona kama wageni wameshaondoka. Na mimi ndiye mpiga picha wa ukoo. Nina studio ndogo pale Same mjini, watu wananiita harusini kutoka Kihurio mpaka Ngujini, halafu mama yangu mwenyewe alikuwa amenishinda. Iliniuma, sitasema uongo.

Sababu naijua. Kwetu ni milimani, juu ya Gonja, mahali ambapo radi imeshapiga miti tunayoijua. Tulipokuwa wadogo, umeme ukimulika tu, mama alikuwa na utaratibu wake: kioo kinafunikwa kanga, mwenye nguo nyekundu anaivua, wote tunakaa chini na kufumba macho mpaka ngurumo ipite. Alifundishwa hivyo na mama yake, na mwili umeshika. Kikimulika kitu cheupe mbele yake, anafumba kwanza, maswali baadaye.

Flashi nayo ina ujanja wake. Ikikaa juu ya kamera na kuachiwa ijipimie yenyewe, humulika mara mbili: kwanza kidogo, kupima mwanga, halafu ndipo inawaka kwelikweli. Mimuliko hiyo inafuatana upesi mno, watu wengi wanadhani ni mmoja. Mama anauona ule wa kwanza. Wa pili ukifika, macho yameshafungwa na sala imeshaanza.

Nilijaribu bila flashi pia. Nikiinua kamera tu, anafumba akiingojea. Nikijificha nimvizie, ananiona kabla sijamwona, anageuza uso na kuniambia niache utoto.

Yote hayo yalikuwa mzaha wa nyumbani mpaka siku mtoto wa dada yangu, anayekaa Dar na ambaye hajawahi kufika milimani, alipoonyeshwa picha za bibi yake kwenye simu. Akauliza mbona bibi analala tu. Dada alinirushia sauti hiyo akicheka, nami kwa ujinga nikamsikilizisha mama. Mama alicheka pia. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Aliporudi akakaa chini ya picha ya marehemu baba, ile iliyotundikwa sebuleni, akaniambia bila kunitazama:

"Nipige moja nimefumbua. Nitundikwe hapa karibu na baba yako. Huyo mtoto asije akakua akijua ana bibi wa kulala."

Nikaahidi. Ukishamwahidi mama jambo kama hilo, hulali vizuri.

Basi mwaka jana, msimu wa kuanika maharage, nilipanda na kamera yangu mpya. Ni ndogo, ya aina isiyo na kioo ndani, haipigi kelele hata chembe, na nilikuwa nimenunua flashi inayotosha mfuko wa koti. Niliipenda flashi ile kuliko inavyofaa kupenda kitu cha betri. Raha yake ni kwamba unaweza kuitoa juu ya kamera, ukaiweka popote unapotaka, na kidude kidogo kinachobaki kwenye kamera kikaiamuru iwake kutoka mbali. Ukiipangia nguvu kwa mkono, inamulika mara moja tu, haipimi kitu. Nikasema leo mama atakoma.

Mpango wangu ulikuwa huu. Sebule yetu ina giza, na siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka tangu saa nane, mzito, hata mparachichi wa uani huuoni. Kwetu ukungu huja na kupita, hakuna anayeanua kwa ajili yake. Ningeiweka flashi nje, juu ya yale matofali ambayo baba aliyaacha akiwa na nia ya kuongeza chumba, niielekeze dirishani. Mwanga upite kwenye pazia jeupe, uingie ndani ukiwa mpole kama jua la asubuhi. Mama angekaa kwenye kiti chini ya picha ya baba, tungeongea habari za watu, na wakati anamsema mtu kwa moyo wote, ningebonyeza.

Mama alikuwa jiko la nje, akipambana na moshi na sufuria ya makande. Jiko lile halina dirisha. Nikamwambia aendelee tu, nitamwita. Nikaifunga flashi kwenye mfuko wa nailoni isipate unyevu, nikaipangia nguvu yote kwa sababu ya pazia, nikaingia ndani na kuanza kukipiga picha kiti kitupu. Ya kwanza ilikuwa na giza. Nikarekebisha, nikapiga tena. Nikasogeza kiti. Nikapiga tena na tena, nikitabasamu peke yangu, maana mwanga ulikuwa umeanza kukaa pale nilipoutaka.

Ambacho sikukifikiria ni ukungu. Kila flashi ilipowaka nje, ukungu wote ulikuwa unaupokea ule mwanga na kuutandaza mlimani. Kwangu ndani ilikuwa ni pazia linalong'aa. Kwa watu wa ng'ambo ya bonde, mbingu ilikuwa inapasuka.

Nikasikia sauti ya mzee jirani yetu, ambaye shamba lake linatazamana na letu. Huyu ni rafiki wa mama wa miaka mingi na mpinzani wake katika kila jambo, kuanzia mpaka wa mfereji hadi namna ya kupika kisamvu. Alikuwa anapiga kelele kwa Kipare, sauti ya kuvusha bonde, kwamba umeme umeanza, watu waanue. Mama mwingine akaipokea chini zaidi, akaipeleka mbele. Muda si mrefu mlima mzima ulikuwa unaanua. Nilisikia turubai zikikunjwa, mabati yakigongwa, mbuzi wakilalamika, mtu akimlaumu mtu kwa kuanika tangawizi mbali na nyumba.

Na mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

Nilikimbilia mlangoni nimwambie. Naapa nilikuwa naenda kumwambia. Lakini alikuwa ameshayafikia maharage yake, ameshajaza ungo na kuuweka kiunoni, halafu akasimama. Akasimama hapohapo mbele ya dirisha, katikati ya flashi yangu na ukuta, kwa sababu kuna jambo lilikuwa limemshangaza. Bonde zima linalia umeme, na ngurumo hata moja haijaja. Akainua uso kuitafuta. Macho yote mawili, wazi kabisa, makubwa, yakiuliza mbingu kulikoni.

Nikabonyeza.

Mwanga ulimpiga ubavuni mara moja tu. Alifumba, ndiyo, lakini kwa kuchelewa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimemtangulia. Akabaki amefumba akingoja ngurumo. Iliyokuja ni mimi nikicheka mpaka nikakaa kwenye kizingiti.

Akafumbua jicho moja. Akaiona kamera. Akayatazama matofali, akauona ule mfuko wa nailoni na kijitaa chekundu kinachopepesa ndani yake. Mama yangu si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Kumbe radi yenyewe ni wewe," akasema. "Na umeniangalia nikikimbia na mwiko."

Nilidhani atanichapa nao. Badala yake alicheka, na mama akicheka hutumia mwili mzima, ikabidi nimpokee ungo maharage yasimwagike. Siku ile nilifurahi furaha ambayo sikuwa nimeipata kwenye harusi hata moja ya watu.

Majirani walikuja, bila shaka. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi, na siku hiyo hatukumwangusha mtu. Mzee wa ng'ambo alifika akiwa na mashtaka yamepangwa: amekatishwa kazi, amebeba gunia akiwa na mgongo mbovu, amewadanganya watu kwa sauti yake mwenyewe na heshima yake imeshuka. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaendelea na mashtaka pale alipoishia. Mama akamwambia fidia ni makande na picha. Akakubali upesi mno kwa mtu aliyedhulumiwa.

Nikawapanga wote ukutani, waliokuja kulalamika na waliokuja kuona wanaolalamika. Nikawaeleza flashi iko wapi na haina madhara. Nikawaambia wasifumbe. Nikabonyeza, nikatazama. Wote wamefumba. Kila mmoja, mzee akiwa wa kwanza, wamebana macho kama watoto wanaopakwa sabuni. Aliyefumbua ni mmoja tu, mkwe wa mtu, aliyezaliwa Maore, huko chini ambako radi hawaiogopi kama sisi. Mama aliipokea kamera, akaitazama picha ile kwa muda mrefu, na akaridhika mno.

"Umeona?" akaniambia. "Si mimi tu."

Jioni hiyo nikaituma ile yake kwa dada, Dar. Mtandao kwetu unapatikana ukisimama kwenye ukingo wa uani, kwa hiyo tulisimama pale, mimi na mama, ukungu ukiwa umeanza kufunguka na mashamba ya Maore yakionekana vipande vipande. Mama alikuwa anajifanya anachambua maharage kwenye mwanga hafifu uliobaki. Mikono yake ilikuwa haifanyi kitu.

Jibu lilikuja kwa sauti. Kwanza dada akicheka, akiuliza ni nani aliyeweza. Kisha sauti ikawa mbali kidogo, simu imenyang'anywa, na mtoto akasema taratibu, kana kwamba hataki kumshtua mtu:

"Bibi ameamka."

Mama akanionyesha kwa kidole niirudie, nikairudia. Akasogea karibu na simu, akainama, akaiambia ile simu yangu, ambayo ilikuwa hairekodi chochote, kwamba ndiyo mjukuu wangu, nimeamka, nipo, njoo.

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamwomba aseme tena.