Meza Niliyoipaka Mafuta ya Maganda ya Korosho

Mwanangu, tangu asubuhi nakuona unaizunguka hiyo meza yako na kopo la vanishi mkononi. Huketi, hutulii, na mimi roho inanienda mbio. Kaa kidogo. Nakumbuka siku moja pale Chiungutwa, nikiwa kijana kama wewe, nami nilikuwa na meza yangu.

Niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, maana wazazi wa binti niliyemposa walikuwa wanakuja kutoka Newala kula kwetu na kutoa jibu. Zilibaki siku mbili. Kila mara nilitoka barabarani kuchungulia, utadhani wangefika kabla ya siku yao. Mjomba wangu, aliyenisemea katika posa ile kama ilivyo desturi yetu, aliniambia nipake vanishi baadaye, kwa sasa nitandike kitambaa tu. Nikaona ananirudisha nyuma. Mimi nilitaka meza ing'ae, tena ing'ae upesi! Nikachukua mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayopaka nguzo kuzuia mchwa, nikaipaka yote. Ilipendeza mpaka nikajipongeza.

Wageni wakala, wakacheka, wakaegemea meza. Siku ya tatu habari ikatufikia: mama wa binti mikono imemtoka malengelenge hadi viwikoni, hata kijiko hashiki. Mjomba akaja mbio.

"Ulipaka nini?"

Nikamwambia.

"Mbona mikono yako mizima?"

"Nilivaa mifuko ya nailoni, mjomba."

"Kumbe ulijua yanababua ngozi, mpwa wangu. Yako ukaifunika, ya wageni ukaiacha."

Tulipanda Newala kuomba radhi, nikawaeleza yote, hata ile mifuko. Shikamoo yangu iliitikiwa, chai tukapewa. Mama yule hakunifokea. Alisema tu, "Baba, binti yangu siwezi kumpa mtu anayejikinga peke yake." Posa ikaishia hapo. Nililia njia nzima, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Basi nisikilize, najua wageni wako ni Jumapili. Hiyo vanishi ni nzuri, lakini ina siku zake. Paka nyembamba, iache ikauke, piga msasa laini, paka tena, halafu usile chakula juu yake mpaka harufu iishe kabisa. Jumapili ikifika kabla haijakauka, watandikie mkeka. Sijaona mtu aliyeungua kwa kula chini. Na kitu unachokiogopa kwenye ngozi yako mwenyewe, usimwekee mwenzako, hata kama hatajua. Wewe utajua.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, akujazie nyumba watu, na kila atakayekula kwako aondoke salama, atamani kurudi.