Kwaresima Niliyoacha Pombe Nikashika Gundi

Ndugu zangu, nitasimulia ninavyokumbuka. Nikipotea, Mama Oliva, mke wangu, yuko hapa atanisahihisha. Kuna siku moja sijaipata hadi leo.

Nilikuwa fundi viatu Mbinga mjini, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja, na viatu vya mitumba vikajaa sokoni. Kazi ilikuwa nyingi, na pombe nilikunywa nyingi. Kwaresima moja nikaweka nadhiri mbele ya jumuiya: sigusi pombe tena. Na kweli sikugusa! Nilihamia kwenye kopo la gundi.

Nilikuwa naivuta puani, kichwa kinakuwa chepesi, nacheka peke yangu. Askari mmoja alinikuta hivyo alipofuata buti zake.

"Ingekuwa bangi ningekukamata, fundi," akasema. "Gundi haina kesi."

Basi nikaona sheria haikatazi, nadhiri haikatazi. Hata kwenye kitubio sikuitaja. Jumuiya ilinisifu, nami mjinga nikavimba kichwa.

Kisha mambo yakachanganyika. Nilitapika. Pua ilitoka damu. Nyayo zilikufa ganzi hata nikakanyaga kaa la moto jikoni, nikajua kwa harufu. Siku nyingine nilijikuta shambani kwetu kijijini Mapera, katikati ya ngoro, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, sijui nimefikaje. Ilikuwa kabla ya kuungua au baada? Sijui.

Mke wangu akanipeleka hospitali. Daktari akauliza, "Unavuta nini?"

"Sivuti hata sigara, daktari." Wallahi sikudanganya, ndivyo nilivyoamini.

Mama Oliva akatoa kopo ndani ya kanga. "Anavuta hii."

Daktari akalinusa. "Askari hakukamati, mzee, lakini hii inaharibu ubongo na mishipa. Moyo nao unaweza kusimama ghafla. Sheria ikinyamaza, mwili haunyamazi."

Niliogopa sana. Gundi nikaiacha pamoja na kazi ya viatu, nikarudi kulima kahawa, nikatembea kwa fimbo miezi mingi. Vidole vya miguu bado vina ganzi.

Namshukuru Mungu, na huyu mama. Nanyi msidanganywe na jina la kitu. Kinachokulevya ni kilevi, hata kikiuzwa dukani pamoja na misumari.

Oliva wetu alibatizwa Pasaka ya mwaka ule. Mnasema nilimbeba mwenyewe hadi kwenye kisima cha ubatizo, nikitabasamu. Nimewauliza wote mliokuwepo, na kila mmoja ananisimulia vizuri. Nasikiliza, nalia, lakini ile siku hairudi.