Mashine Iliyolelewa Matangani

Dalmas wa Mama Maximilla alizaliwa Kaloleni, Kisumu, na kichwa kikubwa, hata mkunga ilibidi ajikaze kwa miguu ukutani kumvuta. Wanasema alipotoka alilia kwa Kijaluo safi na kutaja jina la babu yake. Hilo la babu unaweza kuliacha. Lakini kichwa alikuwa nacho. Kilisoma hadi vitabu vikaomba kupumzika, kikarudi Kisumu kimevaa miwani, kikakodi chumba juu ya duka la vipuri na kuanza kufundisha kompyuta kusikia Kijaluo.

Alifanya hivyo kwa sababu ya mama yake. Mama Maximilla alikaanga samaki ufukweni maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutaja bei tu. Akienda zahanati, lazima jirani amsemee, na jirani akishajua kinachokuuma, soko zima limejua.

"Nitakutengenezea kitu, Mama," Dalmas alimwambia. "Wewe unasema kwa lugha yako, chenyewe kinamwambia sista kwa Kiswahili. Hakuna mtu katikati."

"Hakina mdomo wa kwenda nao sokoni?"

"Hakina."

"Basi nitakingoja."

Akangoja kweli. Hilo Dalmas hakulijua.

Mashine ya namna hiyo inataka kulishwa maneno, na ile ilikula kuliko ng'ombe wa Muhoroni aliyeingia shamba la miwa. Ilikuwa na joto, hata Krupa, mhandisi mwenzake, alikuwa akichemsha chai juu ya mgongo wa mashine. Krupa ni Mhindi aliyezaliwa mjini humo humo, na akibishana bei ya nyanya kwa Kijaluo, mwenye nyanya humpa ndizi juu. Wawili hao walipita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti. Watu wakikiona, wanakauka. Wazee walijibu kwa Kiingereza wasije wakaonekana hawakusoma. Akina mama walisoma zaburi.

Ndipo Dalmas akakumbuka matanga. Matangani Mjaluo hakatai maikrofoni, kazi ni kumnyang'anya. Na kando ya msemaji husimama mkalimani, kwa ajili ya wakwe waliotoka mbali, akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili. Lugha mbili bega kwa bega, bure, na kuku juu yake. Kila Jumamosi Dalmas alikuwa chini ya hema la mtu, leo Mamboleo, wiki ijayo Muhoroni. Ikafika mahali akionekana njiani na begi lake, wagonjwa wanatupa shuka wajifanye wazima.

"Dalmas," Krupa alisema siku moja, "hawa wote wanaongea juu ya mtu mmoja, na huyo mtu hasikii."

"Kijaluo ni Kijaluo."

"Kwenu mkitafuta chumvi mnaongea hivi?"

Dalmas akachukua paja lingine. Mdomo ulikuwa umejaa kuku wa marehemu.

Wafadhili wa kazi hiyo wakaja kutoka Nairobi kuona mashine kabla ya kuendelea kuilisha fedha. Wakapelekwa zahanati ndogo karibu na ufuko, kwa sista Nelima, mtu wa Bungoma asiyejua Kijaluo hata cha salamu. Akatafutwa mgonjwa wa kujaribia. Mama Maximilla alikuwa ameshakaa kwenye kiti, amevaa nguo ya kanisani.

"Mama, wewe huumwi," Dalmas akamwambia.

"Nani amekuambia?"

Mama akasogea karibu na mashine kama anayemnong'oneza shoga yake. Akasema kwamba titi la kushoto lina kitu kigumu kama kokwa. Kilianza kabla ya mvua zile za mafuriko za mwaka juzi. Sasa kinatoa maji na kunuka, na mkono hauinuki kugeuza samaki. Alisema taratibu, hakuacha kitu. Dalmas alisimama nyuma yake, akasikia kila neno.

Mashine ikafikiri kidogo. Kisha ikanena kwa Kiswahili, kwa sauti nzito yenye heshima:

"Amekuwa mama mpenda watu. Ameugua kwa muda mfupi. Familia inashukuru kamati na majirani wote. Chakula kipo nyuma ya hema."

Mfadhili mmoja alicheka, akajikohoza. Sista Nelima aliweka kalamu chini, asijue aandike nini. Krupa akazima mashine.

Kiswahili cha Mama Maximilla kilikuwa kidogo, lakini maneno yale aliyajua. Nani hajayasikia? Ameyasikia kwa dada zake, kwa mumewe, kwa nusu ya ufuko. Akainuka, akanyoosha nguo.

"Imenizika vizuri," akamwambia mtoto wake. "Twende nyumbani, nyathina."

"Mama, imekosea. Ni mimi nimeilisha vibaya. Nitamwambia sista mwenyewe, nimekusikia."

"Nimeshaliliwa mbele ya watu, Dalmas. Unataka nirudi nianze kuumwa upya?"

Dalmas alimwambia sista hata hivyo, akambeba mama yake hospitali kubwa siku ileile. Daktari aliangalia picha. Akauliza kwa nini wamechelewa hivyo kuja, na Dalmas akakumbuka mama yake alisema atakingoja. Mama Maximilla alimeza dawa walizompa kama mtu anayewafurahisha watoto. Wafadhili hawakupiga simu tena. Katika chumba juu ya duka la vipuri sasa wanashona magauni ya harusi.

Walipomzika, watu walijaa hadi barabarani. Mkalimani alikuwepo, na Krupa alisimama nyuma kabisa na leso. Maikrofoni ikapita mkono kwa mkono ikamfikia Dalmas. Akaishika. Kichwa kile kikubwa kikatafuta neno la mtoto kwa mama yake, kikakuta yaliyomo ni yale aliyoilisha mashine.

"Amekuwa mama mpenda watu," akasema. "Ameugua kwa muda mfupi."

Watu wakaitikia amina. Yeye pale mbele alijua muda ule haukuwa mfupi. Wakamngoja amalizie, na kwa kuwa hakuwa na kingine, akawaambia chakula kipo nyuma ya hema.

Wakainuka wakaenda.