Namba Iliyochomwa Kwenye Mizinga

Mteja akiingia dukani kwangu na kuuliza, "Dada, mtandao gani mzuri?" huwa simjibu. Namuuliza kwanza analala wapi. Wengine hucheka, wengine hununa wakidhani nawachunguza maisha yao. Lakini nimeuza simu na laini Singida mjini tangu enzi za simu nzito zenye antena ya kuvuta, na jambo ninalolijua bila kubabaisha ni kwamba hakuna mtandao mzuri. Kuna mtandao mzuri mahali fulani. Uliokuwa ukishika vizuri Mtinko ulikata roho ukifika kwetu Mandewa. Uliokuwa ukitamba Mandewa, ukiupeleka Rungwa, simu inabaki kuwa saa na tochi ya kuendea chooni.

Simu zenyewe ni hivyo hivyo. Mtu akiitolea macho simu ya kupangusa, kisha akaniambia kwao umeme wanautegemea wa jua, naichukua nairudisha kabatini. Nampa kitochi cha batani, kile kinachokaa na chaji siku nyingi na kikidondoka unakipuliza vumbi, maisha yanaendelea. Mwenzangu wa duka la jirani husema sijui biashara. Labda. Ila wateja wangu wakirudi hurudi kusalimia, wa kwake hurudi kugombana.

Haya yote sikujifunza dukani. Nilijifunza kwa baba na mama yangu, na kwa namba moja ya simu iliyonitoa jasho miaka mingi. Leo naishukuru namba ile kama ambavyo ningemshukuru mtu.

Baba alikuwa mtu wa reli, Itigi. Ilipofika miaka ile ya kupunguza wafanyakazi, na yeye alipunguzwa. Wenzake walifungua vioski, wengine walianza kununua na kuuza alizeti. Yeye alirudi alikozaliwa, Rungwa, kwenye nyuki alioachiwa na babu. Mama ni mtoto wa mjini, wa ukoo wa wauza vitambaa, na kuhamia porini alikataa katakata. "Mimi niliolewa na mtu wa treni," alisema. "Nyuki sikuambiwa." Basi wakakubaliana: mama abaki Mandewa na sisi wanawe, baba awe anakwenda kwenye mizinga wakati wa msimu na kurudi. Watu walisema ndoa ile haifiki mbali.

Ilifika, na nasema bila haya kwamba simu iliisaidia. Soko lilipofunguliwa makampuni ya simu yaliingia moja baada ya jingine, kila moja na rangi yake, yakapaka kuta za mji wetu mpaka tukasahau matofali yana rangi gani. Mama alinunua laini ya kampuni ya kwanza kufika, kwa sababu ilikuwa ya kwanza kufika. Baba alikuwa akipanda kilima cha Rungwa palipokuwa na mawimbi, anapiga, wanazungumza habari za kuku na za mvua, kisha anazima simu kutunza chaji. Nikisikia mama anacheka peke yake sebuleni, nilijua baba yuko kilimani.

Sasa nieleze habari ya alama. Kule kwa wafuga nyuki kila mzinga wa gogo huchomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto. Mpita njia akiukuta umeanguka, au nyegere ameupasua, anajua wa kumpelekea habari. Mzinga ukiuzwa au ukirithiwa, alama ya zamani haifutwi. Pembeni yake unachomwa mshale mdogo, kuonyesha kwamba kitu hiki kimebadili mkono. Ni uungwana wao, na wanaushika sana.

Baba alipopata simu aliona alama ya ukoo haitoshi. Jamaa zake wengi walikuwa wamehama, na vijana waliobaki hawakuzitambua alama za wazee. Basi akawasha moto, akapasha chuma, akachoma namba ya mama kwenye kila mzinga. Alichoma ya mama kwa kuwa simu yake mwenyewe ilikuwa imezimwa karibu muda wote. Alikuja kunihadithia dukani, kifua mbele.

"Alama inasema mimi wa nani," aliniambia. "Namba inasema nyumbani kwangu wapi."

"Baba, namba ya simu si jina la mtu. Watu wanabadilisha."

"Aliyetuuzia alisema ni yetu, mama." Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake, na akiniita hivyo ujue mjadala umefungwa.

Mji ukakua. Mandewa pakajaa nyumba, mnara wa kampuni ile ya kwanza ukabaki kule kule ulikokuwa, na laini ya mama ikawa inashika mahali pamoja tu: dirisha la sebuleni, kona ya juu. Mama aligongelea msumari pale, akashona kimfuko cha kitambaa, akaining'iniza simu yake kama kalenda. Ikilia, anatoka jikoni mbio, mikono ina unga, na mara nyingi anafika imeshakata. Upepo ukilifunga dirisha, hata kulia hailii.

Mimi muuza simu, binti yake, niliona aibu. Nilimletea laini mpya ya kampuni nyingine, ambayo mnara wake ulikuwa nyuma tu ya shule ya msingi. Akaniuliza, "Na mizinga je?" Nikamletea simu ya laini mbili, nikidhani nimepata dawa. Simu akiwa nayo mfukoni, laini mpya ikawa inaita kwa raha zote huku ya zamani imelala. Akiirudisha msumarini, amerudi kule kule. Laini mbili katika simu moja ni kama wake wenza katika nyumba moja, haziambukizani tabia. Mama alinirudishia laini yangu, akafunga mazungumzo kwa kunikaribisha chai.

Msimu mmoja baba alirudi amenyong'onyea. Mfugaji mwenzake alikuwa amekuta mzinga umeanguka, nyuki bado wamo, akapiga namba ile mchana kutwa, akajibiwa na yule bibi wa kwenye mashine kwamba namba haipatikani. Nyuki wakaenda zao. Baba hakulalamika. Mama ndiye aliyebaki anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Leo ni mzinga," alisema mwishowe. "Siku ukiwa wewe?"

Baba alikunywa chai yake. Sote tulikuwa tunawaza hilo hilo: mzee yule anapanda miti peke yake porini, na uzi pekee unaomfunga na sisi ni namba inayoning'inia dirishani, inayosikia ikijisikia.

Redio ilipotangaza kwamba sasa mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile, nilidhani ni matapeli wamebuni jambo. Tulipoitwa kwenye semina ya mawakala nikakaa mbele kabisa, nikauliza mpaka mwalimu akaniomba niwaachie wengine. Unakwenda kwa wakala wa kampuni unayoitaka, una kitambulisho, una laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Unatuma neno HAMA, unapewa laini mpya, unasubiri. Salio lako halihami, kwa hiyo limalize kwanza. Na tahadhari moja ambayo nawaambia wateja mpaka leo: tulizoea kuujua mtandao wa mtu kwa tarakimu za mwanzo, na mtu akishahama tarakimu zile hazikuambii kitu tena. Mama mdogo alilalamika mwezi mzima kwamba vocha yake inaliwa akimpigia dada yake, kumbe alikuwa anapiga mtandao mwingine, na bei yake ni ya juu.

Mtu wa kwanza niliyemhamisha alikuwa mama. Alikuja dukani amejifunga khanga mpya, kitambulisho cha kura mkononi, kama anayekwenda kufunga ndoa tena. Aliniuliza maswali ya kila aina. Namba itapita wapi? Ikipotea njiani? Wale wa kampuni ya zamani watakasirika? Nikamrudisha nyumbani na laini mbili, nikamwambia ile ya zamani ikizimika asiogope, atie mpya.

Kesho yake nilipiga nikiwa dukani. Iliita mara moja tu.

"Niko jikoni!" alipiga kelele. "Mwanangu, niko jikoni, nageuza ugali! Ngoja nitoke uani. Unanisikia? Niko kwenye banda la kuku! Unanisikia bado?"

Nilimsikia mpaka kuku. Nililia mbele ya mteja, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana kaka, alhamdulillahi, chagua simu yako.

Baba alikuwa Rungwa. Alipopanda kilimani nilimweleza taratibu: kampuni nyingine, namba ile ile, mama hakai tena dirishani. Alielewa vizuri kabisa, na hapo ndipo tatizo lilipoanza.

"Kwa hiyo imetoka mkono wa hawa, imeingia mkono wa wale," alisema.

"Ndiyo, lakini kwa mpigaji hakuna kilichobadilika."

"Kitu kikibadili mkono kinachomwa mshale."

"Baba! Si mzinga uliouzwa. Ni kampuni tu!"

"Wewe mambo ya simu unayajua, mama. Ya alama niachie mimi. Asije mtu akasema nimeficha."

Nilikasirika mpaka sikio likawa la moto. Duniani kote watu walikuwa wanahama mitandao, na baba yangu peke yake aliona ni lazima akautangazie msitu. Akapasha chuma chake. Akaanza kuzunguka mzinga kwa mzinga, akipanda miti ambayo msimu ule hakuwa na haja ya kuipanda, kuchoma mshale mdogo pembeni ya namba ya mkewe.

Simu ya mama ililia asubuhi moja akikanda unga wa chapati. Alipokea kwa kidole kilichokuwa kisafi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hatujuani, mama. Mimi mlina asali, nipo kilimani Rungwa. Kuna mzee nimemkuta chini ya mti, ameanguka. Mguu umevunjika, anaongea lakini haeleweki. Namba yako nimeisoma kwenye mzinga pale juu yake, nikaiandika mkononi kwa mkaa."

Mama hakupiga ukunga. Aliniambia baadaye kwamba alitazama dirishani, kwenye ule msumari mtupu. Alimuuliza yule kijana mti uko upande gani, akamwomba asiondoke kilimani, akanipigia. Mimi droo yangu ina laini za mitandao yote. Nilichukua ile ya mtandao unaoshika Rungwa, vocha isije ikaliwa katikati ya maneno, nikampigia mteja wangu mmoja anayepakia mbao kwa lori lake kule kule Rungwa, ambaye nilikuwa nimemuuzia kitochi na si simu ya kupangusa, na kitochi chake kilikuwa na chaji. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshaongozana na mlina asali mpaka kwenye ule mti. Mimi na mama tulimkuta baba hospitalini Itigi, amefungwa mguu, midomo imekauka, lakini yupo. Daktari alisema angelala pale porini, tungekuwa tunazungumza mengine. Mama aliushika mkono wa baba akakaa nao mpaka jioni, na mimi nilitoka nje nikasema asante kwa Mungu, kwa mnara wa nyuma ya shule, na kwa aliyebuni neno HAMA, yeyote yule.

Yule mlina asali alikuja kumwona mgonjwa, mkaa bado haujatoka vizuri mkononi. Mama alimpa khanga ampelekee mkewe. Ndipo akasema, kwa aibu kidogo, kwamba alisita kupiga.

"Mzinga una mshale, mama. Nikajua umeshauzwa, mwenye namba hahusiki tena. Nikasema nijaribu tu, nisije nikalala na dhambi."

Mama aligeuka akamtazama baba. Baba alitazama dari. Sijawahi kumwona mgonjwa anayesoma dari kwa bidii namna ile.

Tulimleta Mandewa, akakaa msimu mzima mguu juu ya kigoda. Alitaka sana kurudi kuiondoa ile mishale, na kila alipoligusia hilo mama alimwongezea uji. Ila mishale ilibaki msituni, na uungwana wa watu wa nyuki hauna likizo. Msimu ulipofika, simu ya mama ikaanza kulia. Watu tusiowajua walipanda kilimani kwa miguu yao kuuliza: mzinga huu wenye mshale umejaa, umeuzwa kwa nani, tumpelekee nani habari? Nami sikuwahi kumsikia mama akichoka kujibu. Alikuwa anapokea popote alipo, jikoni, uani, kwenye kuku, na jibu lake likawa moja kwa wote.

"Haujauzwa, baba. Mwenyewe yupo. Huyu hapa, anakunywa uji."