Isale la Kumwombea Theodora

Isale lile nililikata mimi, kwa mkono wangu, kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, huku Kibosho. Naanza na hilo asije mtu akasema Hilaria anajitoa.

Theodora ni mtoto wa kaka yangu Sirili, na ni daktari. Hospitali ndogo ya misheni huku juu ilimfadhili ashuke Moshi mjini kusomea ubingwa wa upasuaji. Masharti yalikuwa wazi: mkataba unahuishwa kila mwaka, na akihitimu anarudi kuwatumikia miaka sita. Siku ya kumuaga, parokia nzima ilimwombea. Wanawake wa jumuiya walimshika mikono mmoja mmoja, wakisema hii ndiyo itakayotuokoa. Wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi, maana kwa kujipendekeza sijambo.

Mwaka wa pili, mwezi mmoja kabla ya mkataba kuhuishwa, Dora akaandika barua kuomba ahamie ubingwa wa magonjwa ya akili. Sababu aliyoitaja ilikuwa "binafsi", basi. Bila kibali cha maandishi cha mfadhili, chuo hakiwezi kumhamisha. Na asiposaini mkataba wa zamani anaitwa arudi kuwa daktari wa kawaida, miaka sita ikimsubiri palepale.

Mganga mfawidhi wa hospitali ile ya misheni, Dokta Ndelilio, hakujibu. Dora alipiga simu akaambiwa yuko kikaoni. Akapanda mwenyewe, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, akaondoka bila kuonana naye. Alipopita kwangu alikuwa amekonda, shingo imebaki mifupa.

"Shangazi, wasiponihamisha nimekwisha."

"Umekwisha nini? Una kazi, una jina. Unachezea bahati wewe!"

Nilimsema, Mungu anisamehe, nilimsema mpaka akanyanyuka akaenda zake. Chai niliyommiminia hakuigusa. Nikasema moyoni, msomi huyo, anaringa.

Zikiwa zimebaki siku tatu mkataba uhuishwe, Sirili alinijia shambani.

"Dada, mtoto anaharibikiwa. Yule Ndelilio amemkasirikia."

Sisi Wachagga, ukimkosea mtu mpaka hataki kukuona, unampelekea isale. Ni jani tu, refu, la kijani, lakini aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Ndelilio ni mtu wa Uru, Mchagga mwenzetu, analijua hilo tangu tumboni. Tukaona dawa tumeipata. Nililichagua lisilo na doa, nikalipiga fundo, kaka akavaa koti lake la kanisani akaenda. Nami nikampigia Dora simu apande kwangu kusubiri habari njema.

Sirili alirudi mchana, mgongo umenyooka kama wa kijana. Akaweka bahasha mezani.

"Amekusamehe, mwanangu! Nilipomkabidhi isale alilipokea kwa mikono miwili, akasema, 'Mzee, yamekwisha. Hiyo barua yake ya kutaka kutukimbia sitaikumbuka tena.' Akaichana mbele yangu! Mkataba ameshausaini, umebaki wewe tu. Jumatatu unaendelea na upasuaji wako."

Nilipiga kigelegele. Peke yangu.

"Baba," Dora alisema polepole, "umeniombea msamaha kwa kosa gani?"

"Si hilo la kutaka kuhama?"

"Sikuwa nimekosa, baba. Nilikuwa naomba."

Akanyoosha mkono wa kulia akanyanyua kikombe kilichojaa. Chai ilianza kumwagika kabla hakijafika kifuani, ikamlowesha sketi, ikachuruzika hadi kwenye bahasha. Alikishikilia hivyo hivyo, tuone vizuri, kisha akakirudisha mezani.

"Tangu Pasaka. Wiki iliyopita mkubwa wangu alininyang'anya kisu, akafikiri nina njaa. Jumatatu nimepangiwa mama mmoja, ana watoto wanne. Na nikikataa kusaini narudi huku juu, ambako daktari wa kawaida ndiye anayewapasua wajawazito. Nilikuwa na njia moja tu."

"Kwa nini hukusema?" nilifoka, maana nikiogopa huwa nafoka.

"Nimwambie nani, shangazi? Mikono hii mliishika parokia nzima."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamgeukia kaka. "Rudi kwa Ndelilio. Rudi sasa hivi ukamweleze."

Sirili alikuwa hata hajavua koti. Aliitazama bahasha iliyolowa.

"Isale nimeshapeleka, na limepokelewa. Nimekubali mbele yake kwamba mtoto alikosa, naye amesamehe. Nikirudi leo, Hilaria, nirudi na nini?"

Nilimshika Dora mikono yote miwili, nikaibana kwa nguvu zangu zote, nayo haikutulia.